Mfano wa hundi umeziba dirisha: barua ya wazi kwa waandaaji wa mbio za hisani

Kwenu waandaaji wa mbio za hisani nchini, na kwenu viongozi wa Riadha Tanzania na Baraza la Michezo la Taifa,

Salaam nyingi. Nyumbani kwangu fulana za mbio zimeshapita kumi na tano. Moja shemeji yangu anafutia pikipiki, mbili mama watoto amezifanya za kulalia, moja alivaa binti yangu mkubwa siku ya kupaka rangi ukuta na haijawahi kurudi kuwa fulana. Ya bluu nimeikunja nikaiweka kabatini peke yake, haivaliwi na mtu. Hiyo ya bluu ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Mimi si mwanariadha wa kutangazwa redioni. Ni mtunza hesabu wa SACCOS, nina miaka 46, na kwenye klabu yetu ya jogging huku Temeke wananijua zaidi kama mweka hazina kuliko kama mkimbiaji. Kilomita 21 namaliza kwa saa mbili na dakika ishirini, hiyo ni siku nimelala vizuri na sijala chipsi usiku. Nasema haya mapema asije akatokea mtu akasema huyu ana kinyongo kwa sababu hakupata zawadi. Sijawahi hata kuiona zawadi kwa karibu. Nikifika mwisho, washindi wameshaoga.

Na mbio zenyewe nazipenda, nisifiche. Kilimanjaro Marathon ilipoanza kule Moshi mwaka 2003, mtu wa ofisini kuvaa bukta na kukimbia barabarani Jumapili asubuhi alionekana ana tatizo nyumbani. Leo kalenda imejaa. Kuna mbio za benki, za majiji, za hifadhi, za vyuo, za misikiti na makanisa, na karibu zote zina neno hisani mahali fulani kwenye tangazo. Saa kumi na moja alfajiri unakuta Dar es Salaam imejaa bodaboda zimebeba watu wenye namba kifuani. Mkiingia kwenye Daraja la Tanzanite, ile kilomita moja na ushee juu ya maji, jua ndiyo kwanza linanyanyuka, maji yamekupwa, watu wa kule chini wanaokota vyao matopeni wala hawana habari na sisi, na mama mmoja wa klabu yetu mwenye wajukuu wanne anakupita huku anaimba. Hapo ukiniambia nilipe elfu hamsini nalipa.

Tena sikatai kwamba ipo kazi iliyofanyika. Upasuaji wa watoto wenye matatizo ya moyo pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na matibabu ya kina mama wenye fistula pale CCBRT vimewahi kuwa sababu ya mabenki yetu makubwa kuandaa mbio. Mwanamke aliyekaa na uchungu siku mbili bila msaada, akampoteza mtoto, kisha akabaki anavuja mkojo mpaka mume na majirani wanamkimbia, huyo ukimpeleka akafanyiwa upasuaji akapona, hakuna wa kuniambia mbio ni anasa. Ndiyo maana kwa miaka yote hii nilikuwa nalipa, nakimbia, navishwa medali, narudi nyumbani. Sikuuliza kitu. Mtunza hesabu mzima!

Sasa ile ya bluu.

Ilikuwa mbio za kuchangia wodi ya wazazi kwenye zahanati moja ya kijijini, Mkoa wa Pwani. Jina la waandaaji nalihifadhi, na la kijiji pia, kwa sababu sitaki mtu aitwe ofisini kwa ajili ya barua yangu. Ada ilikuwa shilingi 35,000. Mshereheshaji alitangaza kwa furaha kwamba tumefika elfu nne. Mgeni rasmi akaja, tukapasha viungo kwa muziki, tukakimbia. Kwenye kilomita ya 16 kituo cha maji kilikuwa na meza na kitambaa cha meza, maji hakuna. Nikanunua ya mtoto mmoja aliyekuwa anauza kando ya barabara, shilingi mia tano, na sitamsahau yule mtoto maana ndiye aliyenifikisha. Mwisho wa yote tukasimama juani kushuhudia makabidhiano: watu saba wameshika mfano wa hundi, mrefu kama mlango, umeandikwa shilingi milioni 60. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga sana.

Mwaka na miezi kadhaa baadaye nilikwenda kwenye arobaini ya shangazi yangu, kijiji cha jirani na hicho. Kurudi, gari ikapata pancha. Wakati kijana anahangaika na tairi nikanyoosha miguu, na mbele kidogo nikaona kibao cha zahanati. Lile jina nilikuwa nalijua. Nilikuwa nalo mgongoni, kwenye fulana.

Nikaingia. Nyuma ya zahanati kuna ukuta umefika kwenye lenta. Ndani yake umeota mbono mkubwa kunizidi, na mbuzi wawili wamejipumzisha kivulini. Tofali, kama nilivyoelezwa baadaye, wanakijiji walifyatua wenyewe. Chini ya mwembe kulikuwa na benchi, na kwenye benchi kina mama watatu na matumbo yao, mmoja ameegemea shina amefumba macho, mkono kiunoni. Muuguzi akanikaribisha vizuri. Nikamwambia, dada, mimi ni mmoja wa waliokimbia kwa ajili ya hii wodi. Akaniangalia kwanza. Halafu akasema, “Karibu kaka, ingia uone.”

Chumba cha kujifungulia kina kitanda kimoja na dirisha moja. Dirisha halina kioo. Limezibwa na ubao mwepesi, umekatwa kidogo pembeni uingie vizuri, umefungwa kwa waya. Upande wa ndani, ule anaouona mama akiwa amelala kitandani, kumeandikwa kwa herufi kubwa: LIPA, na jina la zahanati, na milioni 60.

Muuguzi akaniambia waliuacha siku ileile baada ya picha, haukuingia kwenye gari. Akaona usipotee bure.

Na hundi yenyewe? Akasema walipokea mifuko 120 ya saruji na nondo, kisha fundi akalipwa mpaka hapo kwenye lenta, kisha kimya. Mwenyekiti wa kijiji, mzee mmoja mpole, nikampa shikamoo, naye hakuwa na neno baya. “Labda bado wanakusanya, mwanangu,” akasema. “Nyie si bado mnakimbia?”

Nilirudi Dar nikiwa na lile swali. Nikawapigia waandaaji, nikajibiwa kwa adabu kwamba taarifa inaandaliwa. Nikaandika barua pepe, nikajibiwa na mashine kwamba ujumbe wangu ni muhimu sana kwao. Nikapiga tena baada ya miezi miwili. Namba ilikuwa imekwisha muda.

Nifafanue jambo, maana najua barua kama hii inavyosomwa. Sijasema kuna mtu ameiba. Kazi yangu imenifundisha kutokumwita mtu mwizi kabla sijaona daftari, na hapa shida ndiyo hiyo, daftari sijaliona. Nilichofanya ni kukaa jioni moja na kikokotoo. Watu elfu nne mara 35,000 ni milioni 140. Nikaenda Kariakoo kwa wachapishaji nikauliza bei ya jumla: fulana ya aina ile na chapa zake, elfu tisa; medali, elfu tano. Hizo mbili peke yake zinakula milioni 56. Weka maji (yale yaliyokuwepo), namba zenye chipu, magari ya wagonjwa, jukwaa, spika, mshereheshaji, matangazo, chai ya mgeni rasmi na msafara wake. Ukifika kwenye milioni 60 iliyobaki ya kuchangia, inawezekana kabisa mtu mwaminifu amefanya kila kitu sawasawa. Inawezekana pia asiwe amebakiwa hata na kumi. Lakini mifuko 120 ya saruji na hizo nondo haifiki milioni 6, na ukiongeza fundi kwa ukarimu wote bado uko mbali sana na kile kilichoandikwa dirishani. Katikati hapo kuna kitu. Kinaweza kuwa mdhamini aliyeahidi na asilipe. Kinaweza kuwa deni la mchapishaji fulana. Kinaweza kuwa fedha zipo kwenye akaunti zimelala zinasubiri saini ya mtu aliyehama. Nimeyaona yote hayo kwenye SACCOS. Kila moja lina dawa yake, ila dawa haitolewi kwa mgonjwa aliyefunikwa shuka.

Na wadhamini wenyewe, ambao nembo zao tisa nimezibeba mgongoni kilomita 21 bila malipo, walitoa kiasi gani? Hilo nalo halikutangazwa. Tulitangaziwa tu kwamba bila wao mbio zisingewezekana.

Kinachoniuma ni kwamba kupima mnaweza. Hakuna mchezo unaopimwa kama wetu. Njia ya marathoni inayotambulika kimataifa mtu huipima kwa baiskeli yenye kifaa cha kuhesabu mizunguko ya gurudumu, anafuata njia fupi kuliko zote anayoweza kuipita mkimbiaji kwenye kona, halafu anaongeza mita moja kwa kila kilomita, ili zile kilomita 42 na mita 195 zisije zikapungua hata kidogo. Septemba 2025 pale Tokyo, Alphonce Simbu na Mjerumani Amanal Petros walifika pamoja, wote wakaandikiwa saa 2:09:48, na Simbu akaipa Tanzania dhahabu ya kwanza kabisa ya mashindano ya dunia ya riadha kwa sekunde 0.03. Nilipiga kelele sebuleni mpaka jirani akagonga. Na mimi, mzee wa saa mbili na dakika ishirini, siku ile ya fulana ya bluu ujumbe wenye muda wangu uliingia kwenye simu kabla sijafungua kamba za viatu: saa, dakika, sekunde, nafasi yangu kwa wote, nafasi yangu kwa wanaume, nafasi yangu kwa rika. Mlijua nimepita kilomita ya 10 saa ngapi. Elfu thelathini na tano yangu ilipita wapi, mwaka na zaidi, hakuna ujumbe.

Watanzania hatuhitaji kufundishwa na mtu namna ya kuchangishana. Hili tunalijua kuliko kukimbia. Mtu akioa kuna kamati, kuna kadi za mchango, kuna kundi la WhatsApp ambalo kila jioni mweka hazina anaweka orodha mpya, jina, ahadi, alicholipa, anachodaiwa, mpaka unaona aibu unalipa. Harusi ikiisha, hata bibi harusi akiwa bado fungate, tunakutana kuvunja kamati. Pale kunasomwa mapato na matumizi. Nimewahi kukaa kikao cha kuvunja kamati ambapo tulibishana dakika ishirini juu ya shilingi elfu tatu ya chumvi, kwa sababu mpishi alikuwa amekuja na chumvi yake. Zikibaki laki mbili, wanapewa maharusi mbele ya watu. Zikipungua, mwenyekiti anapitisha kofia. Ndipo watu wanashikana mikono, kamati imevunjwa.

Kina mama wa VICOBA wa mtaani kwetu wana sanduku la bati lenye kufuli tatu, na funguo tatu zinakaa kwa watu watatu wasio ndugu. Fedha zinahesabiwa katikati ya duara, kwa sauti, na asiyejua kusoma anasikia. Ukichelewa kikao unalipa faini. Ukipokea simu, faini.

Mbio zenu, ndugu zangu, hazijawahi kuvunja kamati. Zinaisha siku ya mbio saa nne asubuhi, jukwaa linafunguliwa, turubai linakunjwa, na mwaka unaofuata tunaona tangazo jipya, msimu wa nne, msimu wa tano, rangi mpya ya fulana. Mimi ningeletewa harusi ya pili na kamati ambayo haijavunja ya kwanza, ningeirudisha kadi.

Wenzetu wengine wamefanyaje? London wana marathoni tangu 1981, na mwaka 2025 mbio zile za siku moja zilichangisha pauni milioni 87.3. Tunapenda kuitaja hiyo namba kwenye uzinduzi wa mbio zetu, nimeisikia, lakini hatutaji inavyopatikana. Kule ada ya kushiriki ni ada ya kushiriki: inalipia barabara, maji na medali, na hakuna anayemwambia mkimbiaji kwamba ndiyo hisani. Hisani inaanzia pembeni. Shirika la wagonjwa wa saratani, tuseme, linanunua nafasi kadhaa za kukimbia, linampa mtu nafasi kwa sharti kwamba atachangisha, mara nyingi kama pauni 2,000, na yule mtu anawafuata ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake mmoja mmoja. Kila aliyetoa jina lake linaonekana na kiasi chake, kama hakuomba kufichwa. Fedha zinakwenda kwa shirika, na shirika limesajiliwa, hesabu zake mtu yeyote anazifungua na kuzisoma. Yaani kwa lugha ya Temeke, mkimbiaji anapewa kadi ya mchango! Kitu chetu kabisa. Sisi tuliowazidi kwa kadi za mchango ndio tuliokwenda kuchukua kwao fulana na medali, kadi tukaiacha.

Sisemi tuige kila kitu. Pauni 2,000 kwa kichwa hapa kwetu ni kumwambia mtu asije. Lakini ule mstari kati ya ada na mchango ungetusaidia sana. Niambieni tu: katika elfu thelathini na tano hii, elfu ishirini na tano ni ya kukuhudumia wewe, elfu kumi ni ya wodi. Nitalipa bila kinyongo, na naamini kuna atakayesema, basi mimi fulana sitaki, ninazo nyingi, elfu tisa yake iongezeeni kwenye wodi. Mngeshangaa ni wangapi. Kwenye klabu yetu tuliulizana Jumapili moja baada ya mazoezi, karibu nusu walinyoosha mikono. (Medali, kusema kweli, walikuwa wachache waliokuwa tayari kuiacha. Na mimi sikunyoosha.)

Kenya nao, Margaret Kenyatta alipokuwa mke wa Rais, mwaka 2014, alianzisha nusu marathoni ya Beyond Zero na kisha akakimbia London mwenyewe, kilomita 42 kamili, kwa saa saba na kidogo. Lengo lililotangazwa lilikuwa kliniki za kutembea kwa ajili ya afya ya mama na mtoto, moja kwa kila kaunti, na kaunti ni 47. Napenda malengo ya namna hiyo kwa sababu yanahesabika na mtu yeyote. Gari limefika au halijafika. Na hata likifika, likikosa dereva au mafuta likasimama, mwananchi analiona limesimama, anauliza. “Kuboresha huduma za afya” ukiliandika kwenye fulana, nani atauliza limesimama wapi?

Sasa niwageukie ninyi wa Riadha Tanzania na Baraza la Michezo. Ninyi ndio wenye nguvu hapa, kwa sababu muandaaji anapita kwenu kabla ya kufunga barabara. Najua mkimwona muandaaji mnamwuliza njia imepimwa na nani, daktari yupo, polisi wamepewa taarifa. Vizuri, endeleeni, na ile meza isiyo na maji mwiulizie pia. Naomba muongeze swali jingine kwa yeyote anayeandika neno hisani kwenye tangazo lake: hesabu za mwaka jana ziko wapi? Karatasi moja tu. Walijisajili wangapi, wadhamini walitoa nini, kipi kilitumika kwa kipi, kiasi gani kimefika kwa mlengwa, tarehe ngapi. Na chini yake pawe na saini ya aliyepokea, huyo muuguzi, huyo mwenyekiti wa kijiji, huyo mganga mkuu. Siyo siku ya mbio, wakati kila mtu ana jasho na furaha. Siku 90 baadaye. Itoke gazetini au ibandikwe mahali tulipojisajili, palepale tulipolipia, maana namba zetu za simu mnazo, ujumbe mnajua kutuma. Asiyeleta karatasi akimbize watu wake bila neno hisani, kama mchezo tu, wala hakuna ubaya. Ila asituombe machozi.

Mtaniambia hilo ni jambo la sheria kubwa, linahitaji vikao. Shirika dogo lisilo la kiserikali lenye meza moja na kompyuta moja kule Kilosa linatakiwa kuwasilisha taarifa yake ya mwaka kwa mujibu wa Sheria Na. 24 ya 2002, faida au hasara, kazi au hakuna kazi. Asubuhi moja inayopitisha mamia ya milioni haiwezi kuwa nyepesi kuliko hapo.

Nimesikia pia hoja kwamba wadhamini hawapendi mambo yao kuanikwa, watakimbia. Kuna muandaaji mmoja aliniambia hivyo ana kwa ana, kwa nia njema, tukiwa tunakunywa madafu baada ya mazoezi. Nikamuuliza, mdhamini gani anayetoa milioni 20 halafu anaona aibu kusema ametoa milioni 20? Akacheka. Akasema labda anayesema ametoa milioni 20. Sikuongeza neno, nikamlipia dafu lake.

Na kwa muandaaji ambaye hesabu zake ni safi, wapo na nawaamini, hii karatasi ndiyo ingewatofautisha na wengine. Siku hizi kwenye klabu watu wameanza kusema kwa utani, “hisani ya kwake nyumbani.” Utani huo unawapiga wote, mwenye kosa na asiye na kosa. Mwaka huu tulipopitisha orodha ya mbio za kwenda kama klabu, tatu zilikatwa si kwa umbali wala kwa bei. Mtu aliuliza tu, hawa walishawahi kutuambia chochote? Kukawa kimya, mwenyekiti akapiga mstari.

Mimi nimejisajili kwa nyingine, mwezi ujao, nusu marathoni kama kawaida. Nimeshachukua namba na fulana, ya njano safari hii, ina mtoto amechorwa mgongoni. Kwenye kalenda ya ofisini nimezungushia siku ya mbio kwa kalamu nyekundu, nikahesabu siku 90 mbele, nikaizungushia na hiyo.

Wiki iliyopita yule muuguzi alinitumia ujumbe wa sauti. Mvua zimenyesha sana kwao, ule ubao umelowa, umevimba, umeanza kuachia, na mwenyekiti amepata kipande cha bati cha kuweka pale dirishani. Anauliza, mfano wa hundi autupe, au wenyewe mtakuja kuuchukua?

Wenu,
Mweka hazina wa klabu ya jogging,
Temeke, Dar es Salaam